Imbwa, viroboto na dawa za wazee

Zamani mu inchi ya Baluba imbwa hakuwa wa kulinda lupango tu. Alikuwa rafiki wa muwindaji, na kila mutu anajua kama ukoo wa wafalme wetu unaanza na muwindaji, Mbidi Kiluwe. Usiku imbwa alilala karibu na moto, pamoja na watoto. Njo maana viroboto vyake vilikuwa viroboto vya nyumba nzima.

Dawa za wazee si nyingi. Kuna majivu ya jikoni, yaliyochungwa vizuri: wanayapakaa mu manyoya na kuyamwanga pale imbwa analala, yanakausha kale kadudu. Kuna utupa, ule muti Babemba wanaita ububa. Majani yanatwangwa, yanalowekwa mu maji, halafu imbwa anaoshwa. Ni muti ule ule wa kulevya samaki. Sumu yake, rotenoni, inaua wadudu pia. Kwa hiyo maji yake yasimwangwe ku mutoni, na kuvua nayo sheria inakataza. Tena kuna maji ya tumbaku. Hapa mimi siko pamoja na wazee: imbwa anajilamba, na tumbaku inaweza kumuua mbele ya kiroboto. Mafuta ya taa, yaliyokuja nyuma, nayo ni mabaya, yanaunguza ngozi.

Lakini kuna kiroboto mumoja ambaye mababu wa kale hawakumujua: tekenya. Alitoka Amerika ya Kusini. Mu 1872 meli iliyotoka Brazili ilimufikisha ku Ambriz, Angola, na mbele karne ile haijaisha alikuwa amevuka Afrika mpaka Zanzibar, ku miguu ya wapagazi. Njia za misafara ya Angola zilifika kwetu pia: mu 1874 Muingereza Cameron alimukuta mufanyabiashara José Antonio Alvez, wa Bihé, ku kwa mfalme Kasongo Kalombo. Tekenya anaingia mu vidole vya mutu na mu nyayo za imbwa vile vile. Wako watu waliopoteza vidole, na imbwa asiyeweza kukanyaga hawindi tena.

Kazi kubwa kuliko dawa zote ilikuwa ya bamama: kufagia kila asubuhi, kunyunyizia maji, kusiriba nyumba na udongo mubichi, kuchoma majani makuukuu ya kitanda cha imbwa. Watu waliona ni usafi tu. Kumbe mayai ya kiroboto hayabaki ku imbwa, yanaanguka chini, na mutoto wake anakomalia mu vumbi. Ukiosha imbwa na kuacha vumbi, kisha juma mbili tatu unaanza upya. Nyumba yenye simiti chini inamunyima tekenya vumbi lake.

Kwa kitoto cha imbwa, utupa na tumbaku viache kabisa. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na chanuo cha meno ya karibu karibu. Kila kiroboto kinachokamatwa kinatumbukizwa mu maji ya sabuni, maana ukikitupa chini kinarudi.