Mboga iliyovuka baridi: historia ya bustani za mawe za Shetland

Mtu akikimbia kijiji chake, kitu cha kwanza kukosekana jikoni mara nyingi ni mboga. Unga anaweza kugawiwa au kukopa kwa jirani. Lakini sombe ya nyuma ya nyumba na lengalenga iliyojiotea karibu na mlango zimebaki kule. Ndugu zetu mlio kambini, na ninyi mliopokewa katika familia, mnalijua hilo kuliko mtu yeyote. Leo tuangalie historia ya watu wa mbali ambao kwa karne nyingi walivuka miezi ya njaa kwa msaada wa mboga moja ya majani, katika baridi ambayo hata wakaaji wa milima ya Masisi na Lubero hawaijui.

Watu hao ni wa Shetland, visiwa vilivyo kaskazini ya Scotland. Huko mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda usiofika saa 6 kwa siku. Upepo wa bahari huja na chumvi, na miti ni michache sana. Kwa miezi mingi shamba halitoi kitu. Mboga iliyobaki imesimama ni ile wanayoiita kail. Ni ndugu wa damu wa kabichi, ambazo wengi wetu tunaziita mashu, na wa sukuma wiki ya Kenya. Zote ni jamii moja ya mmea.

Inawezaje kustahimili? Baridi ikizidi, kail hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Maji yenye sukari hayagandi upesi, kwa hiyo majani hayafi haraka. Ndiyo sababu wakulima wa huko husema kwamba kail iliyopigwa na baridi ni tamu zaidi. Majani mazuri yaliingia chungu cha watu, na ya nje walipewa ng'ombe na kondoo.

Lakini mche mdogo hauwezi kushindana na upepo ule. Hapo watu wa Shetland walibuni kitu cha ajabu kwa urahisi wake: kitalu cha mawe. Walikiita planticrub. Ni ukuta mdogo wa mviringo au wa pembe nne, mawe yamepangwa bila saruji wala udongo, kule mlimani kwenye malisho ya wote. Ukuta ulizuia upepo na kondoo. Mbegu zilimwagwa humo mnamo Agosti, miche ikakaa ndani baridi yote, kisha hali ya hewa ilipolegea ikahamishiwa bustani ya nyumbani. Majani yalivunwa katika baridi iliyofuata. Basi mama aliyepika kail mwezi wa Januari alikuwa anakula kazi iliyoanza zaidi ya mwaka mzima nyuma.

Wageni hawakuielewa sana mboga hii. Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson, aliyetembea Scotland mwaka 1773, aliambiwa huko kwamba askari wa Cromwell ndio waliowafundisha watu kupanda kail katika karne ya 17. Alishangaa akijiuliza walikuwa wanakula nini kabla ya hapo. Ukweli ni kwamba Waskoti waliijua kail kabla ya askari hao kufika. Mara nyingi chakula cha maskini huandikwa na mpita njia, naye hukipa baba asiye wake.

Ukuta wa mawe ulizuia upepo, lakini haukumzuia mwenye ardhi. Katika karne ya 19, kwenye kisiwa cha Fetlar na kwenye bonde la Weisdale, familia ziliondolewa ili ardhi iwe ya kondoo. Bara la Scotland lilikuwa limekwisha kuona hayo kwa ukubwa zaidi. Mpaka leo vitalu vingi vya mawe viko mlimani Shetland, vitupu. Mawe yalibaki pale. Mbegu iliendelea kuishi tu mahali ambapo kulikuwa na mtu wa kuitunza.

Utunzaji wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka wa kwanza kail hutoa majani. Ikishapita baridi, hutoa maua na mbegu. Familia iliacha mimea bora bila kuichuma, mbali na kabichi za aina nyingine ili nyuki wasichanganye, kisha ikaweka mbegu kwa msimu ujao. Wako watu Shetland wanaofanya hivyo hata sasa.

Hapa kwetu kuna tofauti moja kubwa. Kabichi inahitaji majuma mengi ya baridi kali kabla ya kutoa maua, na baridi yetu kwa kawaida haitoshi. Kwa hiyo anayelima mashu hulazimika kununua mbegu kila mara, na siku barabara ikifungwa au pesa ikikosekana, bustani yake inalala. Lakini mboga nyingine hazidai hivyo. Lengalenga moja ukiiacha ikomae itakupa maelfu ya mbegu, na kitambaa kikavu kinatosha kuzibeba. Sukuma wiki hupandwa kwa machipukizi ya ubavuni. Matembele hupandwa kwa mche uliokatwa. Sombe inahitaji kijiti tu, ila chagua mti ambao majani yake hayajajikunja wala kuwa na mabaka ya njano, maana ugonjwa husafiri na kijiti.

Anayerudi kijijini atakuta shamba limekuwa pori, au pengine mtu mwingine analilima, na hilo lina mabaraza yake. Lakini mbegu iliyofungwa kwenye kona ya kitenge haingojei baraza. Mwenye nayo na amgawie jirani kiganja kimoja, ili ya mmoja ikipotea njiani, ya mwingine ifike.