Sogea Tukae Mbele ya Hakimu

Mitaani kuna kauli inayorudiwa kana kwamba ni kifungu cha sheria: ukikaa na mwanamke miezi sita, tayari ni mkeo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Kifungu chake cha 160 kinataka miaka miwili au zaidi, na miaka hiyo peke yake haitoshi. Wawili hao wawe wameishi kwa namna iliyowafanya wajulikane kuwa ni mume na mke. Hapo mahakama huchukulia kwamba walioana, na anayebisha ndiye atakayeleta ushahidi kwamba hawakuoana. Wanasheria wanaiita dhana ya ndoa, na wapo wanaoilaumu kwa kuhalalisha sogea tukae, yaani kuishi pamoja bila kufunga ndoa. Ukiifuatilia historia yake unaona lengo tofauti: kumkinga anayefukuzwa mikono mitupu, hata pale ndoa yenyewe inapokosa kuthibitika.

Asili yake ni Uingereza. Hadi katikati ya karne ya 18, maagano ya ndoa ya watu wawili yaliweza kutambuliwa huko hata bila ibada ya kanisani. Sheria ya Lord Hardwicke ya mwaka 1753 ilifunga mlango huo kwa kudai ibada na daftari. Ilisalia kanuni ya ushahidi tu: walioishi miaka mingi wakijulikana kama wanandoa wasiambiwe si wanandoa kwa sababu karatasi haionekani. Kanuni hiyo ililetwa huku na ukoloni, na huku ndiko ilikopata kazi nyingi zaidi. Ndoa ya kimila haikuwa na cheti. Mahari ililipwa kidogo kidogo, pengine isimalizike, na wazee walioipokea walikufa. Mbele ya hakimu ushahidi unakuwa wa jirani aliyewajua kama baba na mama fulani, mjumbe wa nyumba kumi aliyewasuluhisha, au shemeji anayekumbuka kwamba mwanamke yule alikaa na wafiwa kama mkwe wa nyumba. Pasipo daftari, kujulikana ndiyo kumbukumbu iliyokuwapo.

Sheria ya 1971 iliziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja ya Tanzania Bara. Sehemu kubwa yake ilitokana na kazi ya tume iliyoundwa nchini Kenya mwaka 1967, ambayo mapendekezo yake wabunge wa Kenya wenyewe waliyakataa. Lakini kilicho muhimu kwetu kimo kwenye kijifungu cha pili cha 160, ambacho watu hawakitaji. Kinasema kwamba hata dhana ya ndoa ikivunjwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri kama zile za shauri la talaka. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali. Hilo lilihusu ndoa halali. Katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililoripotiwa mwaka 1994, mahakama hiyo hiyo ilisema nyumba iliyopatikana wakati watu wakiishi kama mume na mke yaweza kugawanywa hata kama dhana ya ndoa imeshindwa.

Viongozi wa dini na wazazi wengi wana hoja nzito: ukimpa wa sogea tukae haki za mke, nani atahangaika na posa? Lakini mwanamume anayekwepa kufunga ndoa ili mali ibaki yake ndiye anayefaidika sheria ikinyamaza. Kuhusu mke wa ndoa ambaye mumewe anaishi na mwanamke mwingine, hoja ina nguvu zaidi, ila sheria imeshaijibu nusu: mume wa ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa tena, kwa hiyo dhana inaangukia hapo. Linabaki swali la matofali aliyonunua yule mwingine, na sioni kwa nini ndoa ya mtu mwingine iyafute. Wapo pia wanaosema mtu asiozwe na mahakama bila ridhaa yake. Kweli, na haozwi. Anaruhusiwa kuthibitisha kwamba hakuoa. Asichoruhusiwa ni kuondoka na nyumba nzima.

Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Wawili waliokaa pamoja tangu miaka ya 1980 waligombania mali iliyoandikishwa kwa jina la mwanamke. Kwa kuwa alikuwa na mume mwingine, mahakama ilikataa kwamba walikuwa wanandoa, lakini haikumnyima mdai jasho lake: mwanamke alipata asilimia 70 na mwanamume 30. Kisha ililitaka Bunge litunge sheria ya wanaoishi pamoja bila ndoa. Kijifungu cha pili cha Tanzania kingefaa kuwa mfano, kwa sababu, ingawa maombi ya matunzo kinampa mwanamke peke yake, amri nyingine kinaruhusu ziombwe na mwanamke au mwanamume, na kule Nairobi aliyekwenda kudai alikuwa mwanamume.