Kosa la Rubani Linapoanzia Kiwandani

Tarehe 30 Oktoba 1935, ndege mpya ya mabomu ya kampuni ya Boeing, Model 299, ilipaa kutoka Wright Field, Ohio, ikifanyiwa majaribio na jeshi la Marekani. Iliinua pua kupita kiasi, ikapoteza mwendo, ikaanguka na kuwaka moto. Rubani wake, Meja Ployer Hill, alifariki, na Leslie Tower wa Boeing akafa baadaye kwa majeraha. Injini zote nne zilikuwa nzima. Kilichoiangusha ni komeo linalofunga vibawa vya mkiani ili upepo usivipigepige ndege ikiwa imeegeshwa: halikuwa limefunguliwa.

Hill alikuwa rubani mzoefu wa majaribio, hivyo mafunzo zaidi yasingekuwa dawa. Marubani wa jeshi walitunga orodha fupi ya ukaguzi, ya kusomwa kabla ya kuruka, angani, kabla ya kutua na baada ya kutua. Ndege hiyohiyo, kwa jina la B-17, iliundwa zaidi ya 12,000.

Lakini orodha humsaidia anayesahau. Haimsaidii anayeshika kitu ambacho sicho. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wa B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado inakimbia ardhini, wanakunja magurudumu badala ya vibawa vya kutulia. Tumbo la ndege lilikwaruza lami. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia wa jeshi, alichunguza chumba cha rubani akakuta swichi ya magurudumu na ya vibawa zimekaa bega kwa bega na kufanana. Alibandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye ya magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye ya vibawa, ili vidole vitambue bila macho. Ajali za namna hiyo zikakoma. Ni haki iliyochelewa kwa marubani waliokwisha kulaumiwa kwa uzembe.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 460 vilivyoitwa makosa ya rubani. Karibu nusu vilitokana na kushika kidhibiti kimoja badala ya kingine. Ndege za B-25, C-47 na C-82 zilipanga kila moja kivyake nyenzo za nguvu ya injini, za rafadha na za mchanganyiko wa mafuta na hewa. Aliyehama ndege alihama na mazoea ya mkono wake. Pendekezo lao lilikuwa kuusawazisha mpangilio huo katika ndege zote.