Kihispania kwa Herufi za Kiarabu: Vitabu vya Wamorisko na Swali la Utaifa

Utangulizi

Katika historia ya mataifa, lugha na mwandiko huchukuliwa mara nyingi kuwa kitu kimoja. Anayeandika kwa herufi za wageni hudhaniwa kuwa mgeni, na maandishi yake huhesabiwa kuwa mali ya taifa jingine. Dhana hiyo imewahi kuwagharimu watu nchi yao. Makala haya yanachunguza mfano mmoja, nao ni ule wa Wamorisko wa Uhispania, yaani Waislamu waliobatizwa kwa kulazimishwa mwanzoni mwa karne ya 16 pamoja na wazao wao. Watu hawa waliacha nyuma vitabu vya Kihispania vilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba vitabu hivyo vinaikanusha hukumu iliyotolewa dhidi ya wenyewe: walifukuzwa kana kwamba hawakuwa watu wa nchi ile, ilhali lugha waliyoihifadhi kwa siri ilikuwa ileile ya waliowafukuza.

Lugha na dola

Mwaka 1492 una uzito wa pekee katika historia hii. Tarehe 2 Januari mji wa Granada, makao ya dola ya mwisho ya Kiislamu katika rasi ya Iberia, ulikabidhiwa kwa Isabel wa Castilla na Fernando wa Aragón. Tarehe 31 Machi ikatolewa amri ya kuwafukuza Wayahudi wasiokubali ubatizo. Mwezi wa Agosti Antonio de Nebrija akachapisha mjini Salamanca sarufi ya Kikastilia, na katika dibaji yake akamweleza malkia kwamba lugha hufuatana na dola, zikastawi pamoja na kuanguka pamoja.

Mkataba wa Granada uliwahakikishia Waislamu dini, sheria na desturi zao. Ahadi hizo hazikudumu hata miaka kumi. Askofu mkuu Francisco Jiménez de Cisneros alifika Granada mwaka 1499; ubatizo wa nguvu ukaanza, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani. Inasimuliwa kwamba vitabu vya tiba ndivyo vilivyonusuriwa. Waislamu wa Castilla walitakiwa mwaka 1502 wachague baina ya ubatizo na kuhama, na wale wa nchi za Aragón wakapatwa na hali hiyo kufikia mwaka 1526. Hatimaye, amri ya kifalme iliyotangazwa Granada mwaka 1567 ilipiga marufuku lugha ya Kiarabu yenyewe, kwa kusema, kusoma na kuandika. Watu walipewa miaka mitatu wajifunze Kikastilia.

Mzee wa Kimorisko, Francisco Núñez Muley, aliwasilisha waraka wa kuipinga amri hiyo. Hoja yake yafaa kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa lugha. Alieleza kwamba lugha si dini, na akatoa ushahidi: Wakristo wa nchi za Mashariki husema na kuandika Kiarabu, na watu wa Malta nao ni Wakristo wenye lugha ya Kiarabu, wala hakuna aliyewatoa katika Ukristo kwa sababu hiyo. Waraka haukusikilizwa. Mwishoni mwa mwaka 1568 uasi ulizuka katika milima ya Alpujarras, na baada ya kuzimwa Wamorisko wa Granada walitawanywa katika sehemu nyingine za Castilla.

Maandishi ya aljamia

Katika Granada na Valencia Kiarabu kilikuwa bado lugha ya nyumbani. Katika Castilla na Aragón hali ilikuwa nyingine, kwani huko Waislamu walikuwa wameishi chini ya wafalme wa Kikristo kwa karne kadhaa, na Kiarabu kilikuwa kimewatoka vinywani. Yça wa Segovia, mwanachuoni wa dini, aliandika kitabu cha sheria na ibada kwa Kikastilia mwaka 1462, akieleza kwamba watu wake walikuwa wamepoteza mali, shule na Kiarabu chao. Ili Uislamu udumu, ilibidi ufundishwe kwa Kihispania.

Hapo ndipo yalipostawi maandishi yanayoitwa aljamia. Jina hili limetokana na neno la Kiarabu la kutajia lugha ya wasio Waarabu, na shina lake ndilo lililokipa Kiswahili neno Uajemi. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ilifahamika vizuri baada ya mwaka 1884, nyumba kuukuu ilipobomolewa katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, Aragón. Chini ya sakafu ya uongo iliyojengwa kwa mbao ilipatikana akiba kubwa ya miswada pamoja na zana za kujalidi vitabu. Baadhi ya miswada iliharibiwa kabla ya kufikiwa na wataalamu. Iliyookoka iliorodheshwa na Julián Ribera na Miguel Asín katika kitabu kilichochapishwa Madrid mwaka 1912. Ndani yake mna sala, sheria za ndoa na mirathi, visa vya mitume, tiba na hirizi. Kisa cha Yusuf, kilichokuwa kimetungwa kwa aljamia katika zama za kabla ya ubatizo wa nguvu, kiliandikwa kwa beti za mistari minne yenye kina kimoja, nao ni mtindo uliopendwa na makasisi wa Castilla. Maudhui ni ya Kurani, bahari ya shairi ni ya Kikastilia.

Tahajia ya aljamia inaonyesha jinsi waandishi walivyoisikiliza lugha yao. Kiarabu hakina sauti p. Waliiandika kwa herufi ba yenye shada. Irabu e iliandikwa kwa fataha ikifuatwa na alifu, na kwa njia hii ikatengwa na a. Sauti ya Kihispania inayolingana na ny iliandikwa kwa nuni yenye shada. Msomaji wa miswada ya Kiswahili atalitambua tatizo hili mara moja. Waandishi wa pwani ya Afrika ya Mashariki nao walikabiliwa na herufi zisizotosheleza sauti za lugha yao, na mara nyingi waliacha kasra iwakilishe i na e kwa pamoja, na dhuma iwakilishe u na o, wakimtegemea msomaji aijuaye lugha.

Wala Kiarabu hakikuwa katika herufi tu. Kihispania cha Wakristo wenyewe kilikuwa kimejaa maneno ya asili ya Kiarabu: azúcar ni sukari, na alcalde, mkuu wa mji, ametokana na neno lililotupatia kadhi. Neno hasta, lenye maana ya "mpaka" na pia "hata", limetokana na hatta ya Kiarabu, sawa na hata ya Kiswahili, ambayo katika maandishi ya kale hubeba maana hizo mbili vilevile. Aliyeamrisha Kiarabu kikomeshwe hakuweza kuandika amri ndefu bila ya kukitumia.

Sauti ya waliofukuzwa

Kati ya mwaka 1609 na 1614 Wamorisko wapatao 300,000 walifukuzwa nchini, wengi wao wakaenda Afrika ya Kaskazini. Miguel de Cervantes aliishi katika wakati huo, na riwaya yake, Don Quijote, ina alama zake. Katika sehemu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1605, msimulizi ananunua sokoni Toledo madaftari ya herufi za Kiarabu, naye anamtafuta Mmorisko wa kumtafsiria, akimlipa kwa zabibu kavu na ngano. Kwa hiyo kitabu kinachotukuzwa kuliko vyote katika fasihi ya Kihispania kinadai, japo kwa mzaha, kwamba kimetoka katika mkono wa mwandishi wa Kiarabu na ulimi wa mfasiri wa Kimorisko. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1615, Sancho anakutana na Ricote, jirani yake Mmorisko aliyefukuzwa, ambaye amerudi kwa siri katika mavazi ya msafiri wa hija. Ricote anasema Kikastilia safi, na popote alipokwenda ameililia Uhispania kama nchi yake ya kuzaliwa.

Ricote ni mhusika wa kubuniwa, lakini wenzake walikuwa watu wa kweli. Mkimbizi mmoja aliyehamia Tunis aliandika huko kitabu cha mafundisho ya Kiislamu, na ndani yake akaingiza mashairi ya Lope de Vega, mshairi mashuhuri wa Madrid. Hakuna aliyemlazimisha kutumia Kihispania katika nchi ya Kiarabu. Alikitumia kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho.

Mabishano ya karne ya 20

Swali la nani Mhispania liliibuka upya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, likizungumzwa na wanazuoni waliokuwa nao uhamishoni. Américo Castro, katika España en su historia ya mwaka 1948, alidai kwamba Uhispania ilizaliwa kutokana na kuishi pamoja kwa Wakristo, Waislamu na Wayahudi. Mwaka huohuo Samuel Stern alichapisha mistari ya Kirumi, lugha ndugu ya Kihispania, iliyokuwa imefichika kwa herufi za Kiebrania katika miishio ya mashairi ya zama za kati. Claudio Sánchez-Albornoz alimjibu Castro mwaka 1956 katika España, un enigma histórico, akishikilia kwamba tabia ya Wahispania ilikuwa na mizizi ya kale zaidi, nao Uislamu haukuibadili kwa kina. Mwaka 1970 Juan Goytisolo alitoa huko Meksiko riwaya kuhusu Don Julián, anayesimuliwa kuwa aliwafungulia Waislamu mlango wa nchi, akamgeuza msaliti huyo kuwa sauti ya kuipinga Uhispania ya Franco. Mabishano hayajaisha. Sheria ya mwaka 2015 iliwarahisishia uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa. Wazao wa Wamorisko haikuwataja.

Hitimisho

Vitabu vya aljamia haviwezi peke yake kuamua mabishano ya Castro na Sánchez-Albornoz, lakini vinaondoa hoja moja kabisa, nayo ni kwamba herufi humtenga mtu na taifa lake. Somo hili lina maana kwa watafiti wa Kiswahili. Al-Inkishafi na tenzi nyingine za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wapo waliotumia herufi hizo, pamoja na maneno ya mkopo, kama ushahidi kwamba Kiswahili na wenyewe ni wa kuja. Hoja hiyo haina nguvu Lamu, kama ambavyo haikuwa na nguvu Aragón. Sarufi ndiyo inayoonyesha lugha ni ya nani, na sarufi ya vitabu vilivyofichwa Almonacid ni ya Kihispania.