Tozo ya Mafuta na Safari Isiyobadilika

Simama nusu saa kwenye kituo chochote cha mafuta Dar es Salaam. Ni madereva wachache watakaotaja lita. "Weka ya elfu kumi," anasema mwenye Vitz. Wa bodaboda anataka ya elfu tatu. Bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na mdhibiti wa nishati, EWURA, humfikia mteja huyu kupitia mshale wa geji, ambao safari hii umelala mapema kuliko mwezi uliopita. Ni kiasi gani kimetokana na soko la dunia na kiasi gani ni kodi, hana pa kukijulia hapo penye pampu. Nadharia nzima ya kupunguza magari kwa kodi ya mafuta inamtegemea yeye.

Nadharia yenyewe ni kongwe. Mwanauchumi Arthur Pigou alieleza mwaka 1920 kwamba anayewatwisha wenzake gharama atozwe kiasi cha gharama hiyo, na moshi na foleni ni gharama za aina hiyo. Tanzania iliikaribia hoja hii mwaka 2017 bila kuitaja. Bajeti ya mwaka huo ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile ya stika ya kioo cha mbele, na badala yake ikaongeza ushuru wa bidhaa kwa shilingi 40 kwa lita. Lengo lilikuwa urahisi wa kukusanya. Lakini kiuchumi yalikuwa mageuzi makubwa kuliko yalivyotangazwa: chini ya utaratibu wa zamani, gari bovu lililopandishwa juu ya mawe uani lilidaiwa ada kama linalozunguka mjini kutwa, na ukishalipa, kilomita ya ziada haikuongeza chochote kwenye ada hiyo. Ushuru wa lita hudai kila kilomita. Kasoro yake ni kwamba uliyagusa pia mafuta ya taa, ambayo ushuru wake ulikwisha kupandishwa sana mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta hayo. Mwenye koroboi akajikuta analipia barabara asiyoendesha gari juu yake.

Je, kodi ya namna hii hupunguza magari? Watafiti Goodwin, Dargay na Hanly walipitia tafiti nyingi mwaka 2004, hasa za nchi tajiri. Bei ya mafuta ikipanda kwa asilimia 10, matumizi ya mafuta hushuka kwa takriban asilimia 2.5 ndani ya mwaka na asilimia 6 baada ya miaka kadhaa. Kilomita zinazoendeshwa, hata hivyo, hushuka kwa asilimia 1 tu, kisha 3. Pengo hilo ndilo la kutazamwa: watu hutafuta gari lisilokula mafuta, kisha huendelea na safari zao. Dar es Salaam jibu hilo linaonekana kwa macho: Vitz, Passo na IST zimejaa barabarani, na bajaji zinafungwa mitungi ya gesi asilia. Hewa huenda ikapata nafuu. Foleni ya Barabara ya Morogoro karibu haipungui. (Na kuhusu hewa, sharti la Jumuiya ya Afrika Mashariki la mwaka 2015 kwamba salfa ya dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni halikuhitaji kodi yoyote.)

Anayeishi Kibamba, pembezoni mwa jiji, na kufanya kazi Posta, katikati yake, hana uchaguzi mwingi. Nyumba ilitangulia, usafiri ukafuata kwa kuchechemea. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini chini ya wakala wake, TARURA. Mwaka 2023 ikaja 100 nyingine ya miradi ya kimkakati. Sibishi umuhimu wa barabara ya kijijini inayompitisha mjamzito masika. Nabisha kuziita tozo hizi sera ya mazingira, maana kwa ile ya kwanza dereva analipa barabara na kurudishiwa barabara.

Mbadala wa gari ni mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza jijini mwaka 2016 na njia ya takriban kilomita 21, na tangu hapo abiria wameyazidi mabasi. Sehemu ya tozo ya kila lita inayouzwa jijini, tuseme shilingi 50, ifungwe kisheria kwenye kununua na kuendesha mabasi. Wa kwanza kunufaika awe abiria wa daladala, kwa kuwa mafuta yakipanda nauli huwa haikai nyuma, naye analipa kodi ya gari asilonalo. Ufaransa iliona mwaka 2018 kinachotokea kodi ikitangulia usafiri: waliotegemea gari kwa kukosa treni walivaa vizibao vya njano, na nyongeza ya kodi ikasitishwa.

Mabasi yasipotangulia, ongeza shilingi 100 nyingine. Mwenye Vitz atasema, "Weka ya elfu kumi na mbili," na kesho saa kumi na moja alfajiri atakuwa barabarani kama jana.