Kichomachoma na Goti la Mwana wa Malkia

Mwezi Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kaze, yaani Tabora ya leo, akaelekea kaskazini na wapagazi wake. Mwenzake Richard Burton alibaki nyuma kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, hali yake dhaifu, akikusanya habari za nchi. Tarehe 3 Agosti Speke akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza tangu enzi na enzi, naye akalibandika jina la malkia wake, Victoria. Hayo tulifundishwa darasani. Tusilofundishwa ni kwamba wakati ule ule malkia huyo alikuwa na mtoto wa miaka 5, Leopold, ambaye akijigonga goti kidogo tu, alilazwa kitandani siku nyingi.

Leopold alikuwa na hemofilia. Damu yake haikugandika kama ya watu wengine kwa kukosa protini moja kati ya zile zinazoziba jeraha. Wengi hudhani mgonjwa wa namna hii hufa kwa kujikata na wembe. Kumbe adui yake mkubwa yuko ndani: damu huvuja kwenye goti, kiwiko na kifundo cha mguu, kiungo kikajaa, kikawa cha moto, kikauma vibaya mno. Ikivuja mara nyingi mahali pale pale, gegedu huliwa na kiungo hukakamaa. Hapo mgonjwa hubaki na maumivu hata siku ambazo havuji damu. Kijana wa miaka 20 hutembea kama mzee wa 80.

Nchi hii haikusalimika. Aina ya kwanza ya ugonjwa huu humpata takriban mtoto mmoja kati ya wavulana 5,000 wanaozaliwa, pote duniani, bila kuchagua ikulu wala tembe. Mara nyingi mama huubeba bila kuugua, akampa mwanawe wa kiume. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hutoka katika koo ambazo hazijapata kuuona kabla. Basi mtoto akitoka damu siku tatu baada ya tohara, ukoo huanza kumtafuta mchawi.

Turudi kwenye njia ya misafara. Oktoba 1858 Burton na Speke walikuwa wamekwisha ondoka Kaze kurudi pwani, ndipo Speke alipoangushwa na maumivu makali yaliyoanzia kifuani na kuzunguka hadi kwenye ini, kama mtu anayechomwa kwa chuma cha moto. Usiku aliona majinamizi ya kutisha. Wazungu wale hawakuujua ugonjwa huo, lakini watu wa msafara waliujua, na walikuwa na jina lake: kichomachoma. Burton alilifasiri jina hilo kuwa ni vyuma vidogo. Msikilizaji wangu hahitaji kamusi kusikia kwamba ndani yake mna kuchoma.

Kwa nini nayasema haya katika habari za goti? Kwa sababu watu wa njia ile waliyatenganisha maumivu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila 2, karibu kilo 32, begani, kwa miezi kadhaa, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kurudi. Ilimbidi ajue maumivu yapi ni ya mzigo, yatakayotulia kambini, na yapi ni ya ugonjwa. Msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Mwendo wa mchana, terekeza, ulifanywa pale maji yalipokuwa mbali, na haukupendwa na mtu. Kirangozi alitangulia, ngoma ikalia, nyimbo zikaitikiwa. Sitasema kwamba nyimbo zile zilikuwa hospitali. Wapagazi wengi walikufa njiani na hakuna wimbo uliowaokoa. Lakini mwendo uliopimwa, pumzi iliyofuata mdundo, na kupumzika kabla ya kuchoka kabisa vilikuwa ufundi wa kazi. Leo wataalamu wa maumivu sugu humfundisha mgonjwa jambo la jamaa hiyo hiyo: pumzika kwa saa uliyoipanga, usingoje goti likuamuru.

Mwaka 1912 una mambo mawili ya kutazamwa pamoja. Mwaka huo reli ya Wajerumani ilifika Tabora, na kazi ya upagazi katika njia ile ikaanza kufa. Mwaka huo huo, huko Spała nchini Poland, kitukuu wa Malkia Victoria aliyeitwa Alexei, mrithi wa kiti cha enzi cha Urusi, alikuwa akilia kwa uchungu wa damu iliyovujia pajani na kinenani. Madaktari walikata tamaa. Mama yake akamwandikia mtu wa dini aliyeitwa Rasputin, naye akajibu kwa simu ya maandishi kwamba mtoto hatakufa na madaktari wasimsumbue mno. Mtoto akapata nafuu. Wengine wanakisia kwamba utulivu wa mama ulimtuliza mwana, wengine kwamba kuachwa bila kushikwashikwa kulimsaidia. Kwa vyovyote, Urusi nzima ililipa gharama ya nafuu ile, kwa maana Rasputin alipata sauti kubwa ikulu. Ugonjwa wenyewe haukuondoka. Mwaka 2009 uchunguzi wa mifupa ya familia ile ulithibitisha kwamba ilikuwa hemofilia ya aina ya pili.

Kwa hiyo utulivu una kazi gani hasa? Mwaka 1929 Mmarekani Edmund Jacobson alichapisha kitabu juu ya kulegeza misuli hatua kwa hatua. Miaka ya 1960 daktari wa meno Oscar Lucas, huko Philadelphia, aliwatuliza wagonjwa wa hemofilia kwa maneno mpaka wakawa kama watu walio nusu usingizini, ndipo akawang'oa meno, akiziba jeraha kwa uangalifu mkubwa. Na mwaka 1981 mwanasaikolojia James Varni alieleza habari za wagonjwa wachache ambao viungo vyao vilikuwa vimekwisha haribika. Aliwafundisha kukaza misuli na kuilegeza, kuvuta pumzi taratibu, na kujenga picha akilini ya mahali pa amani penye joto la kupendeza, joto hilo wakilipeleka kwenye kiungo kinachouma. Siku zao za maumivu zilipungua.

Namna yenyewe haihitaji mashine. Mtu hulala chali au hukaa kwa kuegemea, chumbani pasipo na redio (ndiyo, hata hii yangu aizime). Hukaza kiganja kama anayeshika jembe kwa sekunde tano au zaidi, kisha hukiachia ghafla na kusikiliza tofauti. Halafu mkono, mabega, uso, tumbo, miguu. Kiungo kibovu hakikazwi, hulegezwa tu. Pumzi huingia kwa pua na kutoka polepole. Robo saa yatosha, lakini iwe kila siku, hata siku isiyo na maumivu, maana mtu hafundishwi kuogelea wakati anazama. Sababu yake ni nyepesi kueleza: anayeogopa maumivu hukaza mwili mzima, misuli iliyokazwa huuma, na uchungu huo mpya hujiongeza juu ya ule wa zamani. Usingizi nao hukimbia.

Sasa hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri. Varni alitenganisha maumivu mawili. Kuna maumivu ya kiungo kilichochakaa, yale ya kila siku, yanayozidi asubuhi na baada ya kazi. Hayo hutulizwa. Na kuna maumivu ya damu inayovuja sasa hivi: huanza kwa kuwashwa au kutekenyeka ndani ya kiungo, kisha uvimbe, joto, na kushindwa kukunja. Hayo ni kengele, na kengele haitulizwi kwa pumzi. Dawa yake ni ile protini iliyokosekana, inayodungwa mshipani, mapema iwezekanavyo. Mgonjwa wa muda mrefu huyajua yote mawili kama mpagazi alivyolijua bega lake. Mzazi mgeni hayajui, ndiyo maana ni lazima afundishwe.

Hatari ipo pia katika wema wetu. Goti la mtoto likivimba, bibi hulikanda kwa maji ya moto, jirani anashauri chale, mwingine huleta pembe ya kupiga chuku. Kwa mwenye hemofilia, chale na chuku ni mlango wa damu usiofungika, na kukanda kiungo kinachovuja huongeza kuvuja. Hata aspirini ya dukani hupunguza uwezo wa damu kuganda, na daktari huwakataza. Maji baridi au barafu iliyofungwa kitambaani, mguu kuinuliwa juu, na safari ya hospitali kuanza siku hiyo hiyo.

Mwana wa malkia alipata chale chache na madaktari wengi. Alipozaliwa, tarehe 7 Aprili 1853, mama yake alivutishwa klorofomu na Daktari John Snow ili asisikie uchungu. Kwa goti la mwanawe, hata Daktari Snow hakuwa na kitu. Machi 1884, mjini Cannes, Ufaransa, Leopold aliteleza kwenye ngazi akalijeruhi goti lake, akafa kabla ya mapambazuko. Alikuwa na miaka 30. Protini ambayo ingemsaidia leo huhifadhiwa katika kichupa kidogo, nayo imekuwa ikitolewa kwa wagonjwa wetu pale Muhimbili, sehemu yake ikiwa ni msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 na Frank Schnabel, mfanyabiashara wa Montreal ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kutoka Tabora hadi kwenye kichupa hicho ni kilomita 840 za reli, na goti la mtoto hujaa damu kwa saa chache tu.