Mbwa bila kamba: sheria ya 1888 na sisi watu wa Kasongo

Siku hizi maswali yananifikia juu ya mbwa. Mtoto ameumwa, mwenye mbwa anajibu: "Sikuwapo, alikata kamba, nitalipa nini?" Jibu lake ni la zamani kuliko tunavyofikiri.

Tarehe 30 Julai 1888, Dola Huru la Congo la mfalme Leopold II lilitoa amri juu ya mapatano na madeni. Kutoka kwake tuna kifungu cha 261 cha Kitabu cha Tatu cha sheria za raia: mwenye mnyama, au anayemtumia, ndiye anayejibu kwa hasara iliyofanywa na mnyama huyo, hata kama alipotea au alitoroka. Kinatumika mpaka leo. Hakitaji mbwa wala kamba. Mbuzi na ng'ombe wamo vilevile.

Lakini angalieni mwaka. Mwaka 1888 Leopold hakuwa na nguvu hapa. Mji ulikuwa kule Tongoni, mji wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alipatana na Dola awe gavana wa Stanley Falls. Askari wa Dhanis waliingia Kasongo Aprili 1893 tu. Waungwana wa Tongoni walikuwa na sheria yao: kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda aliruhusiwa. Na huko msituni, wawindaji wa Congo walikuwa na mbwa wadogo wasiobweka, wakawafunga kengele ya mti ili wasipotee ndani ya majani. Mimi naona kengele ile ndiyo kamba yetu ya kwanza. Mbwa anakimbia, lakini watu wanasikia yuko wapi.

Vita imeharibu hayo. Jamaa ikikimbia usiku inabeba watoto na sufuria, mbwa anabaki. Anaanza kula takataka, anatembea na wenzake, hakuna anayemwita jina. Kwa maandishi ya 1888 bado ni wako. Nani atamshitaki mama aliyeacha nyumba ikiungua? Mimi si hakimu, siwezi kulijibu hilo. Ila wewe uliye mjini, mwenye lupango na mlango, usiseme kamba ilikatika.

Kamba peke yake haitoshi, maana kuna kichaa cha mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Kisiwani Pemba, Tanzania, walichanja mbwa mpaka ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, wakachanja tena, na 2018 ukaondoka. Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka mbwa 70 kwa kila 100 wachanjwe. Huku kwetu tuko mbali na hesabu hiyo.

Kwa hiyo mtu akiumwa: osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Kama chanjo haipo, ombeni barua ya kwenda hospitali. Na mbwa mwenyewe, kama anaweza kukamatwa bila hatari, msimpige mawe mpaka afe. Afungwe, aangaliwe siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, mganga atajua kama chanjo inaweza kusimamishwa.